Mswaki, kitambaa, mfupa au dawa ya maji: kipi kitunze meno ya mbwa wako hapa Tanga?

Mbwa wengi wa Tanga hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na hakuna anayewatazama mdomoni mpaka harufu ianze. Ikianza, utasikia watu wakisema mdomo wa mbwa ndivyo ulivyo. Sivyo. Mdomo wa mbwa mzima haunuki maua, lakini haunuki uozo pia. Ukimkuta mbwa ambaye akipiga mwayo unageuza uso, ujue mara nyingi fizi zake zimeshaanza kuumwa.

Mbwa mkubwa ana meno 42. Tofauti na sisi, ni nadra yatoboke kwa sukari. Kinachomsumbua ni ufizi. Baada ya kula, utando laini hujijenga juu ya jino, hasa pale jino linapoingia kwenye ufizi. Usipouondoa, ndani ya siku mbili tatu huanza kushika madini ya mate na kugeuka ukoga mgumu wa rangi ya njano au kahawia. Ukoga huo ndio makazi ya utando mwingine, ambao huteremka chini ya ufizi, ukaula mfupa unaoshika jino, na mwishowe jino likalegea. Pahala pabaya zaidi ni magego makubwa ya juu, kwa nje, upande wa shavu, kwa sababu tundu la mate lipo papo hapo. Ukitaka kujua hali ya mbwa wako bila kumfumbua mdomo mzima, nyanyua mdomo wa juu pembeni na utazame hilo gego.

Swali ninalosikia kwa watu wa Raskazone na wa Makorora ni hilohilo: nifanye nini nyumbani, na kipi bora? Njia zinazojulikana ni nne: mswaki, kitambaa cha kidoleni, vitu vya kutafuna, na dawa za maji au jeli.

Vya kupimia

Cha kwanza ni kama njia yenyewe inasugua pale ufizi unapokutana na jino. Utando hauondoki kwa harufu nzuri, unaondoka kwa kusuguliwa.

Cha pili ni kama itafanyika kila siku, au angalau kila baada ya siku moja. Kwa kuwa ukoga hujijenga ndani ya siku mbili tatu, kazi nzuri ya Jumapili kwa Jumapili haimfai mbwa sana. Hapa ndipo njia nyingi zinapoanguka, na kosa si la njia. Ni kwamba aliyeinunua siye anayeshinda na mbwa.

Cha tatu ni mate. Sijaona hili likiandikwa kwenye maelekezo yaliyotoka nje, lakini pwani yetu huwezi kuliruka. Walio wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu anaweza kufuga mbwa wa ulinzi, akamlisha vizuri na kumpeleka chanjo, na bado asitake kutia mkono mdomoni mwake. Hana kosa, na hapaswi kuambiwa hampendi mbwa. Anahitaji njia inayomfaa, au mtu mwingine wa kuifanya.

Cha nne ni hatari: kuvunja jino, kukaba koo, kuziba utumbo, sumu. Cha tano ni bei na upatikanaji, maana maduka yetu ya dawa za mifugo yamejaa vitu vya ng'ombe wa maziwa na kuku, na vya mbwa mara nyingi ni dawa za minyoo, kupe na viroboto basi.

Kabla hujachagua chochote

Tazama kama ameshaumwa. Ufizi mwekundu unaotoa damu ukiguswa, jino linalocheza, kutafuna upande mmoja, kuangusha chakula, kukataa mfupa aliokuwa akiupenda: mbwa huyo aanze kwa daktari wa mifugo. Ukimwanzishia mswaki akiwa na maumivu, atajifunza kwamba mswaki ndio unaouma, na hutampata tena. Uvimbe chini ya jicho nao ni wa kuangalia. Watu hudhani kaumwa na nyuki au jicho limeingia kitu, kumbe mara nyingi ni usaha kwenye mzizi wa lile gego la juu.

Na hili lisomwe mara mbili. Mbwa anayetoa udenda ghafla, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika au tabia imegeuka, usimtie mkono kutafuta mfupa uliokwama. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mahali pasipo na watu, waite wataalamu wa mifugo. Mate yakikuingia kwenye kidonda au akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa asiye na chanjo ya kichaa iliyo hai, mimi ningesema achanjwe kwanza, habari za meno zifuate.

Mswaki

*Kusugua.* Hakuna kinachoufikia mswaki kwa hili. Nyuzi laini zikiinamishwa kidogo kuelekea ufizini huingia pale ambapo mfupa na dawa havifiki. Kinachofanya kazi ni nyuzi hizo, dawa ya meno ni ya kumpendezesha mbwa zaidi. Mswaki uliochovywa kwenye maji matupu unasafisha. Uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama au wa samaki usio na chumvi wala kitunguu unasafisha na mbwa anafurahi. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, hivyo usichukue mchuzi wa mezani.

*Kila siku.* Unataka dakika moja au mbili tu, lakini unataka mtu yuleyule, wakati uleule, na mbwa aliyezoeshwa. Kuzoesha ndiko kunakowashinda wengi kwa sababu wanaanza mwishoni. Siku za mwanzo gusa mdomo kwa nje tu na umpe kitu kidogo cha kula. Zinazofuata, nyanyua mdomo na upitishe kidole juu ya jino. Kisha mwonyeshe mswaki aulambe. Kisha sugua chonge moja tu, uache. Ikichukua wiki tatu, sawa. Upande wa ndani usiuhangaikie, ulimi wake unausafisha kiasi, na wewe ukilazimisha kumfumbua taya ndipo ugomvi unapoanza. Sugua nje, hasa nyuma juu, huku mdomo wake umefungwa na shavu umelivuta kidogo.

*Mate.* Yapo, ila mswaki wenye mpini mrefu unaweka vidole mbali kuliko kitambaa. Ukivaa glavu za kutupa na kuuweka mswaki wa mbwa peke yake kwenye kopo lake nje, wengi wasiotaka mate wanaweza kuvumilia.

*Hatari.* Ndogo, isipokuwa moja kubwa: dawa ya meno ya watu. Mbwa hatemi, anameza. Povu na floridi vitamchafua tumbo, na zile zenye zailitoli, utamu uleule uliomo kwenye baadhi ya bigijii zisizo na sukari, humshusha sukari ya damu haraka na zinaweza kumharibu ini. Usiazime kwenye kopo la familia hata mara moja.

*Bei.* Mswaki laini wa mtoto unapatikana duka lolote la Ngamiani, na unatosha. Dawa ya meno ya mbwa, zile zenye ladha ya kuku au nyama ambazo zimetengenezwa zimezwe, huenda ukaiagiza Dar es Salaam. Ukiikosa, hujakosa kitu kikubwa.

*Unamfaa nani.* Mwenye mbwa mtulivu aliyemlea tangu mdogo, na mwenye mbwa mdogo wa uso mfupi ambaye meno yamebanana. Haumfai mbwa wa geti anayemwaminia mtu mmoja tu, kama mtu huyo si wewe.

Kitambaa cha kidoleni

Chukua kipande cha shashi, ile ya kufungia vidonda, au kitambaa safi cha pamba chenye kukwaruza kidogo. Kivishe kidoleni, kilowanishe, sugua meno kwa nje.

*Kusugua.* Kinaondoa utando kwenye uso wa jino vizuri tu. Kwenye mpaka wa ufizi kinazidiwa na mswaki, kwa kuwa kitambaa hupita juu ya ule mfereji mdogo bila kuingia.

*Kila siku.* Mbwa wengi hukikubali upesi, maana ni kidole cha mtu wanayemjua. Ndiyo maana mimi hukiona kama njia nzuri ya kuanzia hata kwa anayekusudia mswaki baadaye.

*Mate.* Hapa ndipo kinaposhindwa kwa nyumba nyingi. Kidole kizima kimo mdomoni, kitambaa kimelowa. Glavu inasaidia, lakini asiyetaka hayo hatakaa nayo mwezi.

*Hatari.* Kung'atwa, basi. Chonge za mbwa mkubwa hazibagui kidole na kitambaa. Asiye na hakika na mbwa wake asianze na njia hii. Na kitambaa kikibaki sakafuni kina ladha ya chakula, mbwa atakimeza.

*Bei.* Karibu bure.

*Kinamfaa nani.* Mtoto wa mbwa. Meno yake 28 ya utoto huanza kubadilika akiwa na miezi mitatu minne, na akifika miezi sita au saba, meno ya ukubwa huwa yamekamilika. Kipindi cha katikati fizi zinauma, hivyo gusa kwa upole, lengo ni kumzoesha mkono. Kinamfaa pia mbwa mzee mtulivu ambaye fizi zake haziwezi nyuzi.

Vitu vya kutafuna

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayotumika zaidi Tanga na ndiyo iliyojaa imani zisizo na msingi.

*Kusugua.* Kutafuna kunakwangua, hilo ni kweli. Mbwa anayeshindia ugali laini na dagaa hana kinachomsugua meno, na ugali hunata. Lakini kutafuna hukwangua ncha na tumbo la jino kuliko mpaka wa ufizi, na mbwa hutafunia upande aupendao. Chonge na meno ya mbele hayapati kitu. Kwa hiyo utakuta mbwa wa mifupa ana magego meupe na ufizi mwekundu, na mwenyewe anajisifu.

*Kila siku.* Hapa njia hii haina mpinzani. Unatupa, mbwa anafanya kazi mwenyewe. Mlinzi wa usiku, kijana wa bustani, shangazi aliyekuja kutembea kutoka Pangani, yeyote anaweza.

*Mate.* Hakuna mguso, ila kuokota mabaki, nayo yanaokoteka kwa koleo.

*Hatari.* Ndizo nyingi kuliko njia zote nne, na zinategemea unampa nini.

Mfupa uliopikwa usimpe, uwe wa kuku, mbuzi au ng'ombe. Ukipikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, vikachoma koo au utumbo. Vichwa na miiba ya samaki wa kuchemsha kutoka soko la Deep Sea vimo kundi hilohilo.

Mfupa mbichi wa bucha haupasuki vile, lakini una mambo mawili. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu kiasi cha kuvunja jino. Lile gego kubwa la juu ndilo linalopasuka, na likipasuka hadi kwenye kiini ni maumivu na usaha. Halafu kuna vimelea na bakteria, hasa mfupa ukishinda juani na nzi juu yake. Kipimo rahisi: bonyeza kwa ukucha. Usipoacha alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno. Kwato, pembe na vifuu vya nazi vyote vinaanguka mtihani huu.

Kamba ya katani. Mkoa wa mkonge, kamba haikosekani, na mbwa huzipenda. Watu wanasema nyuzi zake zinapiga mswaki. Zinaweza kupita katikati ya meno, ndiyo, lakini nyuzi zilizomezwa hazisagiki. Zikijinyoosha ndani huukunja utumbo, na mbwa huhitaji upasuaji. Makumbi ya nazi yana tatizo hilohilo, na mbwa wa pwani wanayatafuna tangu asubuhi. Kama huwezi kukaa naye na kumnyang'anya zinapoanza kuchambuka, usimpe.

Ngozi kavu za kutafuna hulainika zikawa kipande kinachoteleza, mbwa mlafi akakimeza kizima. Kwa mbwa anayekula taratibu si mbaya. Kwa anayebugia, hapana.

Vilivyobaki vyenye usalama zaidi: mpira mgumu wa kuchezea unaobonyea kidogo, karoti nzima kwa mbwa anayeipenda, na vijiti vya meno vya dukani vinavyokatika kwa kutafunwa. Kwa vijiti hivi tazama muhuri wa VOHC, baraza lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 ambalo hukagua kama bidhaa za meno ya mbwa na paka zinapunguza kweli utando au ukoga. Kisicho na muhuri si lazima kiwe kibaya, lakini maneno ya kwenye pakiti pekee hayatoshi. Zingatia na uzito ulioandikwa: kijiti cha mbwa wa kilo 5 ni tonge moja kwa mbwa wa kilo 30. Tena vina shibe, hivyo punguza chakula kidogo.

*Bei.* Mfupa ni rahisi, vijiti vya dukani ni ghali kwa matumizi ya kila siku na havipo kila mahali.

*Vinamfaa nani.* Mbwa wa ulinzi asiyeguswa mdomoni, nyumba isiyotaka mate, mbwa kijana mwenye meno mazima. Havimfai mbwa mwenye jino lililovunjika, mzee wa fizi mbovu, wala mbwa watatu wanaogombania.

Dawa za maji na jeli

*Kusugua.* Hazisugui. Zinapunguza bakteria, harufu inatulia, utando unapungua kiasi. Zenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ndizo zenye nguvu zaidi katika kundi hili, nazo zina kasoro ya kuacha madoa ya kahawia kwenye meno zikitumika muda mrefu. Tumia iliyotengenezewa mbwa. Ya kusukutua ya watu inaweza kuwa na pombe au zailitoli.

*Kila siku.* Rahisi kwa maandishi. Dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa inataka maji yabadilishwe kila siku na bakuli lioshwe. Na mbwa wa uani hanywi bakulini peke yake. Anakunywa kwenye ndoo ya kufulia, anakunywa chini ya bomba. Kuna mbwa wanaokataa maji yenye ladha. Wakati wa kaskazi, joto la Tanga likiwa lile tunalolijua, mbwa asiyekunywa maji ni tatizo kubwa kuliko ukoga. Akisita nusu siku, mrudishie maji matupu.

*Mate.* Ya maji haina mguso. Jeli inataka upakaze ufizini, hivyo inarudi kwenye kidole.

*Hatari na bei.* Hatari ni ndogo ukifuata kipimo. Bei ni ya juu, na upatikanaji Tanga ni wa kubahatisha.

*Zinamfaa nani.* Kama nyongeza ya njia nyingine, na kwa mbwa aliyetoka kung'olewa meno ambaye daktari amesema asisuguliwe kwa muda. Kwa kazi ya peke yake sizitegemei.

Vya jikoni

Ndimu inakula gamba la jino. Majivu na mkaa uliosagwa vinakwaruza. Chumvi na magadi, mbwa anavimeza vyote na kujaza mwili chumvi. Mafuta ya nazi hayamdhuru kwa kiasi kidogo na yanalainisha kazi ya mswaki, ila hayaondoi utando yenyewe. Kijiti cha mswaki kile kinachouzwa nje ya misikiti kimewatumikia watu karne nyingi, lakini mbwa atakitafuna na kumeza nyuzi zake. Na kubandua ukoga kwa kisu au ukucha wa chuma ni kosa: unaukwaruza uso wa jino, ukoga mpya unashika upesi zaidi, na ule wa chini ya ufizi, ndio wenye madhara, umeuacha ulipo.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa njia yoyote kati ya hizi nne. Huo ni wa daktari, mbwa akiwa amelazwa usingizi, kwa vifaa vinavyofika chini ya ufizi. Si kila daktari wa mifugo ana vifaa hivyo, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujampakia kwenye bajaji. Njia za nyumbani ni za kuzuia, na za kulinda baada ya kusafishwa.

Kwa hali yako

Una mtoto wa mbwa na muda wa jioni: anza na kitambaa, uhamie mswaki meno ya ukubwa yakikamilika. Ni kipindi kisichorudi. Mbwa wa miaka minne asiyewahi kuguswa mdomo hufundishika, ila kwa jasho.

Una mbwa mdogo wa ndani: mswaki, na usingoje harufu. Mbwa wadogo huharibikiwa fizi mapema. Kijiti cha kutafuna kiwe cha siku zile ulizochelewa kurudi.

Una mbwa wa geti na mlinzi ndiye anayemfungua: usinunue chochote kabla hujazungumza na mlinzi. Mwambie, "Mzee, huyu mbwa anakuamini wewe, utaweza kumsugua meno kabla ya kumfungua?" Akisema ataweza, mpe mswaki, glavu na kitu cha kumzawadia mbwa, na umwongeze posho kidogo, maana ni kazi. Akisema hapana, kubali, uende kwenye vitu vya kutafuna vinavyopita mtihani wa ukucha.

Nyumba haitaki mate kabisa: vijiti vyenye muhuri au mpira wa kutafuna, dawa ya maji kama mbwa anaikubali, na ukaguzi wa daktari mara moja kwa mwaka, uunganishe na siku ya chanjo ya kichaa ili usilipe safari mbili. Kwa njia hii ukaguzi ndio nguzo, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani anayetazama mdomo.

Huna hela ya ziada: mswaki wa mtoto na maji.

Una mbwa mzee, meno machache, harufu kali: daktari kwanza. Baada ya hapo kitambaa laini kwa meno yaliyobaki, chakula kilicholowekwa, mifupa iishe. Usimhurumie kwa kufikiri hataweza kula aking'olewa meno mabovu. Mbwa hula vizuri bila meno kuliko na meno yanayouma, na wengi hurudi bakulini ndani ya siku chache.